Askari tabibu akivua gwanda, nani atamsimamia?

Risasi imempata mwenzake kifuani, upande wa kulia. Hewa inaingia na haitoki. Pafu limesinyaa, mishipa ya shingo imetuna, midomo inabadilika rangi. Daktari wa karibu ni mwendo wa helikopta.

Askari tabibu anapasua shati, anapapasa mbavu kwa kidole, anazihesabu kutoka juu mpaka aipate nafasi anayoitafuta. Anadidimiza sindano nene ya sentimita 8, kisha anasikia hewa ikitoka kama gurudumu la baiskeli lililochomwa na mwiba. Mwenzake anavuta pumzi.

Mwaka mmoja baadaye kijana huyo amemaliza mkataba, amerudi uraiani, anaomba kazi katika hospitali ya mji wao. Anaambiwa nafasi ipo: kusukuma machela na kubadilisha mashuka. Kushona jeraha haruhusiwi. Kuchoma sindano haruhusiwi. Hana leseni.

Mfano huu nimeuunga mwenyewe, lakini hakuna kipande chake ambacho hakitokei Marekani, na kimekuwa kikitokea tangu vita vya Vietnam.

Sasa mtazame kijana yuleyule kwa jicho la upande wa pili. Wagonjwa wake wa jeshini walikuwa vijana wenye afya, waliopimwa kabla ya kupewa bunduki. Ni mara ngapi amemshika mtoto wa miezi tisa anayeharisha? Mama mjamzito anayelalamika kichwa kinamuuma na miguu imevimba, atamwambia akapumzike au atamkimbizia kipimo cha presha? Babu mwenye kisukari na moyo, anayemeza vidonge vya aina saba kila asubuhi, ataongezewa dawa gani isigombane na zile saba?

Anayemwambia kijana huyu kwamba hana leseni hakosei. Anayesema kijana anaijua kazi hakosei pia. Ndiyo maana swali la usimamizi limekuwa gumu, na ndiyo maana linastahili kutazamwa kwa makini kuliko linavyotazamwa kwenye hotuba za sikukuu za maveterani.

Wiki kumi na sita

Askari tabibu wa jeshi la nchi kavu la Marekani hufunzwa San Antonio, Texas, katika kambi ya Fort Sam Houston. Kazi yake ina namba, 68W, na ni mojawapo ya kazi zenye watu wengi zaidi jeshini humo. Mafunzo huchukua takriban wiki 16. Sehemu ya kwanza ni ileile ya mhudumu wa ambulensi wa kiraia, na mwisho wake kuna mtihani wa kitaifa ambao lazima aufaulu. Sehemu ya pili ni ya vita: kuzuia damu, kufungua njia ya hewa, kutoa hewa iliyonaswa kifuani, kumtunza majeruhi hadi usafiri ufike.

Msisitizo huo una sababu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulipitia vifo 4,596 vya askari wa Marekani vilivyotokana na mapigano kati ya mwaka 2001 na 2011. Karibu asilimia 87 walikufa kabla ya kufika hospitali. Miongoni mwao, kama robo hivi walikuwa na majeraha ambayo huenda yangepona, na katika robo hiyo asilimia 91 waliondolewa na damu kuvuja. Jeshi likijua hivyo, litamfundisha tabibu wake nini kwanza? Damu.

Kwa hiyo ujuzi wake ni wa kina sana mahali pamoja. Lakini kambini, siku zisizo na mapigano, huwa anafanya mengi zaidi. Asubuhi askari hupanga foleni: huyu koo, huyu kifundo cha mguu, huyu fangasi za vidoleni. Anachoma chanjo, anashona, anatoa dawa, huku daktari wa kikosi akiwa chumba cha pili. Akitoka jeshini, mkononi ana cheti cha ambulensi, ikiwa amekuwa akikihuisha kila baada ya miaka miwili. Cheti hicho hakimruhusu kufanya hata nusu ya aliyokuwa akiyafanya.

> Cheti anachotoka nacho ni kidogo kuliko kazi aliyoifanya, na kazi aliyoifanya ni nyembamba kuliko hospitali anayoingia.

Kwa wenzake wa jeshi la wanamaji pengo hilo ni kubwa zaidi. Kikosi cha Marines hakina matabibu wake; huazima wa wanamaji. Na wako matabibu wachache, waliosomea zaidi, wanaopelekwa peke yao kwenye nyambizi ambako hakuna daktari kabisa. Mtu huyo ndiye zahanati nzima, chini ya bahari, kwa wiki kadhaa.

Wanne wa Durham

Marekani ilianza kulitafutia swali hili jibu mwaka 1965, mjini Durham, North Carolina. Dakta Eugene Stead wa Chuo Kikuu cha Duke alikuwa na uhaba wa madaktari vijijini upande mmoja, na upande wa pili vijana waliokuwa wakitoka jeshini na ujuzi wasiopewa pa kuutumia. Akachukua wanne, wote waliokuwa matabibu wa jeshi la wanamaji, akaanza kuwafundisha kazi mpya: msaidizi wa daktari. Watatu wakahitimu Oktoba 1967.

Miaka miwili baadaye, Seattle, Dakta Richard Smith alianzisha mpango wake kwa matabibu wa zamani wa majeshi yote. Hapa ndipo pana somo ninalolipenda zaidi katika historia hii. Wanafunzi wa Smith walikaa darasani chuo kikuu miezi mitatu tu. Miezi kumi na miwili iliyofuata kila mmoja alikaa na daktari mmoja wa kijijini, akifanya kazi mbele ya macho yake. Daktari alijua jina la mwanafunzi wake, na mwanafunzi alijua mlango wa kugonga. Wengi wa madaktari hao walikuwa wameelemewa, kwa hiyo walikuwa na kila sababu ya kumfundisha mtu huyu vizuri.

Leo wasaidizi wa madaktari wenye vyeti Marekani ni zaidi ya 150,000, wengi wao hawajawahi kuvaa gwanda. Fani imekua, imekuwa shahada ya uzamili, na ina ada zake kubwa. Kwa tabibu anayetoka jeshini leo bila shahada ya kwanza, mlango ule uliofunguliwa kwa ajili ya watu kama yeye umekuwa mgumu kuufikia. Ndipo majimbo yakalazimika kufikiria upya.

Virginia yaandika sheria

Virginia ni jimbo la askari. Norfolk, kwenye pwani yake, ndiyo kambi kubwa kuliko zote za jeshi la wanamaji duniani. Mwaka 2016 bunge la jimbo hilo lilipitisha sheria ya mpango wa majaribio kwa matabibu wanaotoka jeshini, chini ya Idara ya Huduma za Maveterani ikishirikiana na idara inayosimamia taaluma za afya.

Kwa maneno ya kawaida, sheria ile inasema hivi. Aliyekuwa tabibu katika jeshi la nchi kavu, la anga, la wanamaji au walinzi wa pwani, aliyemaliza utumishi hivi karibuni na hakufukuzwa kwa fedheha, anaweza kuajiriwa na hospitali iliyojiunga na mpango na kufanya baadhi ya kazi za kitabibu kabla hajapata leseni ya kiraia. Kazi hizo hukabidhiwa na msimamizi, na lazima zilingane na mafunzo na uzoefu wa mhusika. Msimamizi awe daktari, au daktari wa miguu, mwenye leseni hai isiyo na vikwazo. Na jukumu la mgonjwa linabaki kwa msimamizi huyo.

Sentensi ya mwisho ndiyo roho ya sheria nzima. Tabibu akikosea, daktari hawezi kunyoosha kidole. Mkono ulioshona ni wa tabibu, lakini mgonjwa ni wa daktari.

Baadaye masharti yalilegezwa kidogo. Daktari mkuu wa taasisi iliyo ndani ya mpango naye anaweza kusimamia, au kumteua mtu mwingine aliyesajiliwa na Baraza la Tiba la jimbo, ilimradi mteule huyo asitoke nje ya mipaka ya kazi yake mwenyewe. Maana yake ni kwamba msaidizi wa daktari, mrithi wa wale wanne wa Durham, leo anaweza kumsimamia kijana anayetoka vitani. Hilo linanifurahisha. Neno "mteule," hata hivyo, linanitia wasiwasi, nami nitalirudia.

Serikali kuu ilikuwa imetangulia kwa njia yake. Desemba 2012, hospitali zake za maveterani zilianza kwa majaribio kuwaajiri matabibu wa zamani katika idara za dharura za hospitali 15. Kwa kuwa ni hospitali za serikali kuu, hazikuhitaji kusubiri kila jimbo libadilishe sheria. Mgonjwa aliyepigana Vietnam anashonwa na kijana aliyepigana Iraq, na daktari wa zamu yuko mita chache kutoka kitandani.

Wanaovutana

Maveterani na wanaowatetea wanasema kodi ya wananchi imekwisha kumsomesha mtu huyu. Kumrudisha darasa la kwanza kujifunza kupima presha ni kumvunja moyo na kupoteza fedha mara mbili. Hoja hii ina nguvu, hasa wilaya za mashambani zisizo na wahudumu.

Wauguzi wana hoja yao, na sikubaliani na wanaoiita wivu. Muuguzi amesoma miaka, amefanya mtihani, amesajiliwa; akikosea, baraza linaweza kumnyang'anya leseni na riziki yake pamoja nayo. Pembeni yake anawekwa mtu anayechoma sindano ileile na hana leseni ya kunyang'anywa. Muuguzi anauliza: wote wawili tukiona dozi haieleweki, nani ana wajibu wa kusimamisha kazi? Hospitali isiyomjibu muuguzi huyo kwa maandishi haijajiandaa kupokea mtu.

Vyama vya madaktari vya Marekani kwa miaka mingi vimepinga kupanuliwa kwa kazi za wasio madaktari bila uangalizi. Upande wa wasaidizi wa madaktari, mwelekeo umekuwa wa kulegeza: North Dakota, mwaka 2019, iliondoa sharti la msaidizi kuwa na mkataba wa maandishi na daktari katika sehemu nyingi za kazi. Askari tabibu anaingia uwanjani wakati mpira huu wa zamani bado unachezwa, na kuna hatari akageuzwa mpira mwenyewe.

Yuko pia mhasibu wa hospitali, ambaye huwa hahojiwi. Mtu anayeshona, anayechanja, anayetoa damu, na analipwa chini ya muuguzi, ni faida. Hakuna ubaya hospitali kupata nafuu. Ubaya unaanza pale kijana anapokaa miaka mitano kwenye "mpango," bado hana leseni, hawezi kuhamia jimbo jingine na kazi yake, kwa sababu kinachomruhusu kufanya kazi ni sheria ya jimbo moja na saini ya mtu mmoja. Waliobuni mpango wa Virginia walisema lengo ni kumpa mtu kazi huku akisomea leseni. Lengo hilo lingeandikwa na tarehe: mwaka wa kwanza afikie hapa, wa pili pale, na mwajiri achangie ada au ampe saa za kusoma.

Saa nane za usiku

Usimamizi kwenye karatasi ni rahisi. Mimi nataka kujua unavyokuwa saa nane za usiku, wodi imejaa, daktari mmoja ana wagonjwa kumi na wanane.

Hapo neno "mteule" ndipo linapopimwa. Daktari mkuu amemteua mwenzake, mwenzake ameondoka zamu saa mbili, aliyeingia hajui kwamba tabibu wa ghorofa ya pili yuko chini yake. Tabibu naye ametoka jeshini, ambako alifunzwa asizubae akisubiri ruhusa. Ataamua mwenyewe. Mara tisa ataamua sawa.

Ningependa kila ubao wa zamu katika hospitali za mpango huu uwe na jina la msimamizi kando ya jina la tabibu, linalobadilika kila zamu inapobadilika, kama linavyobadilika jina la muuguzi wa kitanda. Ningependa mgonjwa aelezwe anayemhudumia ni nani, kwa sentensi moja anayoielewa. Na ningependa tabibu apimwe kwa kila kazi kabla ya kukabidhiwa: ameshona vidonda vingapi mbele ya daktari, amechoma mishipa ya watoto wangapi. Wiki 16 za San Antonio si sawa na mwaka mmoja peke yako kwenye nyambizi, ingawa barua za kuachishwa utumishi zinaweza kufanana.

> Msimamizi asiyejulikana jina lake saa nane za usiku ni msimamizi wa karatasi.

Wanaosema usimamizi wa karibu ni dharau kwa mpiganaji wanasahau jambo moja. Jeshi lenyewe halimwachi tabibu hivihivi. Hata yule wa nyambizi, anayekaa bila daktari baharini, hupangiwa daktari msimamizi kwa maandishi, na mafaili yake hukaguliwa. Uhuru aliokuwa nao ulikuwa na kamba. Ilikuwa ndefu tu. Raia wanapomwekea msimamizi hawampi mzigo mgeni.

Yanatufikia

Habari hizi si za mbali kama zinavyoonekana. Wenye kadi ya kijani huruhusiwa kujiunga na jeshi la Marekani, na vijana wa Kenya, Tanzania na nchi jirani wamo humo. Mwaka 2008 iliidhinishwa njia maalumu kwa wahamiaji wenye taaluma za afya au lugha zilizohitajika, Kiswahili kikiwa mojawapo, hadi ilipositishwa mwaka 2016. Kijana wa aina hiyo akitoka na cheti cha 68W, akaamua kurudi kuishi Kisumu, hawezi kujiita tabibu. Kenya ina baraza la matabibu (clinical officers) na sheria yao ya mwaka 2017; Tanzania Bara nayo ina sheria yake ya mwaka huohuo kwa madaktari na wataalamu wa afya shirikishi. Atakuwa na ujuzi na asiwe na jina la kuuitia.

Na sisi tulikuwa na hawa watu kabla ya Duke. Mwaka 1917, katika vita vya Afrika Mashariki, Uganda iliunda kikosi cha tiba cha Waafrika, vijana wa shule za misheni waliowauguza askari na wapagazi. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, wengine walitumikia katika kikosi cha tiba cha jeshi la Afrika Mashariki, hadi Burma. Walioona damu huko walirudi na jina ambalo wazee wetu wanalijua: dresa.

Kijijini kwetu, chini ya milima ya Usambara, tulimwita Babu Dresa. Alikuwa amekwenda Burma na KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza. Nilipokuwa mtoto, mwanzoni mwa miaka ya 1970, zahanati yake ilikuwa chumba kimoja chenye meza, kabati la bati na jiko la mchina ambalo juu yake sufuria ya sindano za kioo ilichemka asubuhi nzima. Mtu akikatwa na panga shambani, tulikimbia kutazama. Alishona kwa mkono uliotulia, haongei, anakaza uzi na kupinda kichwa kana kwamba anausikiliza. Sijawahi kuona fundi cherehani akishona hivyo.

Lakini mdogo wangu alipopata degedege, Babu Dresa alimgusa paji la uso, akamfunua kope, akarudi nyuma hatua moja. "Huyu si wa kwangu," alimwambia mama. Alitoka mwenyewe barabarani kusimamisha lori la mkonge litupeleke hospitali ya misheni. Mdogo wangu yuko hai, ana wajukuu.

Kila mwezi Mganga Mkuu wa Wilaya alikuja na Landrova. Hakuanza na dawa wala jengo. Aliomba daftari la wagonjwa, akakaa kwenye benchi nje, akalisoma mstari kwa mstari na kalamu nyekundu mkononi. Penye sawa aliweka alama. Penye swali alimwita: kwa nini vidonge vinne, mtoto huyu alikuwa na uzito gani? Babu Dresa alisimama wima kama yuko gwaride, akajibu. Nyuma ya dirisha sisi watoto tulidhani anagombezwa. Mganga Mkuu akiondoka, mzee alikuwa akilifungua tena daftari, peke yake, akizifuata zile alama nyekundu kwa kidole.

Kisha kukaja mwaka ambao Landrova haikuonekana. Walisema mafuta, wakasema spea. Babu Dresa aliendelea kushona na kuandika. Upande wa kulia wa kila ukurasa alikuwa amepiga mstari kwa rula, akaacha nafasi ya Mganga Mkuu, na ukurasa baada ya ukurasa nafasi ile ilibaki nyeupe.